Saa ya Heka Heka: Jinsi ya Kuchagua Saa Nyepesi, Imara na ya Bei Nafuu Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nina elfu hamsini, ninunue saa gani?" "Imeandikwa Water Resist, mbona imeingia maji?" "Hii G-Shock niliyoiona Mwanjelwa ni og?" "Niseti saa za Kiswahili au za Kizungu?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja, haya hapa yote kwa mpangilio wake.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mkono wake haukai bure: bodaboda wa Uyole, mkulima wa viazi Umalila, mchana mbao wa Mafinga, mwanafunzi anayekimbia asubuhi pale Iringa, mfanyabiashara anayevuka Tunduma. Kama unatafuta saa ya harusi, hapa si mahali pake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: saa za bei nafuu haziuawi na mashine yake. Zinauawa na mkanda, betri na maji. Mashine ya kawaida ya kwatzi (quartz, ile inayoendeshwa na betri) itaendelea kuhesabu wakati mkanda umeshakatika na saa imelala kwenye droo. Kwa hiyo tunaponunua, tunaanzia huko.

Uwe na nini kabla ya kwenda sokoni

- Bajeti iliyogawanywa: fedha ya saa, ya mkanda mmoja wa akiba, na ya betri moja. Ukimaliza hela yote kwenye saa, utaikosa siku mkanda utakapokatika.
- Uzi na rula, upime mzunguko wa kifundo cha mkono wako.
- Simu yenye saa inayojiseti kwa mtandao, ya kulinganishia.
- Jina la fundi saa aliye karibu na unakoishi. Muulize kabla hujanunua: betri gani anazo, na upana gani wa mikanda anao. Jibu lake lina thamani kuliko tangazo lolote.
- Mwanga wa mchana. Usinunue saa jioni chini ya taa ya duka. Mikwaruzo haionekani, na kioo chenye ukungu hakionekani.

Hatua ya 1: Andika mkono wako unafanya nini

Chukua karatasi, andika mambo matatu ambayo mkono unaovaa saa hukutana nayo kila siku. Maji? Vumbi? Mtikisiko wa pikipiki? Dawa za mazao? Mashine inayozunguka? Jasho la mbio?

Halafu andika jambo moja tu unalotaka saa ikufanyie zaidi ya kukuambia muda. Alamu ya alfajiri, stopuwachi, tarehe, au saa za nchi mbili. Moja. Ukiandika sita, utaishia kununua kitu chenye vitufe vingi usivyojua kuvitumia.

Onyo kwa wanaofanya kazi kwenye mashine za kuranda na kukata mbao, mashine za kusaga, au mkanda wowote unaozunguka: saa haivaliwi pale. Mkanda wa nailoni ndio hatari zaidi kwa sababu haukatiki. Ukinaswa, unavuta na mkono. Iweke mfukoni mpaka mashine izimwe. Na mafundi umeme na mafundi magari, msivae saa yenye mkanda wa chuma mnaposhika nyaya au betri ya gari. Chuma kikigusa ncha mbili za betri kinawaka moto papo hapo, kikiwa bado mkononi.

Hatua ya 2: Amua ni ya namba, ya mishale, au saa janja

Kwa kazi za mikono, ya namba inashinda. Haina mishale ya kung'oka kwa mtikisiko, haina kile kitufe cha pembeni cha kuvuta na kuzungusha ambacho watu husahau kukirudisha ndani, maji yakapita hapohapo. Ya mishale ina uzuri wake: unaitazama mara moja tu, na haina cha kujifunza. Kama huna haja ya alamu wala stopuwachi, chukua ya mishale bila aibu.

Saa janja ni hadithi nyingine. Bendi ya mazoezi ya kampuni inayojulikana ni nyepesi na inahesabu hatua, lakini inataka chaji, na chaja yake ni ya kwake peke yake. Ukiipoteza chaja ukiwa Makete, umebaki na bangili. Zile saa janja za bei ya kutupa zinazoahidi kupima presha, sukari na mapigo ya moyo, achana nazo kabisa kama unataka vipimo vya afya. Mgonjwa wa presha apimwe na mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu, zahanati au nyumbani.

Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu inahusu saa za kawaida za betri.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya maji kama yalivyo, si kama unavyotamani

Hapa ndipo wengi wanaumia. Mita zilizoandikwa kwenye saa si kina unachoruhusiwa kuzama. Ni shinikizo ambalo saa mpya ilipimwa nalo ikiwa imetulia. Mkono unaopiga maji, au maji ya bomba yenye nguvu, ni jambo jingine.

Tumia tafsiri hii ya mtaani:

- *Water Resist* peke yake, au mita 30 (bar 3): mvua, kunawa mikono, jasho. Usiogelee nayo.
- Mita 50 (bar 5): kuoga mtoni na kuogelea kidogo.
- Mita 100 (bar 10): kuogelea bila wasiwasi. Ukienda Matema kujitupa Ziwa Nyasa, hii ndiyo ya kuvaa.
- Mita 200 (bar 20): kwa mtu anayeishi majini. Ni nzuri, ila usiilipie kama hujui hata kuogelea.

Kwa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua haina adabu, mimi huwaambia watu waanzie mita 50, na wakiweza wachukue 100. Dodoma ungeweza kuishi na ile ya *Water Resist* tu.

Mambo mawili yanaharibu hata saa ya mita 100. La kwanza ni kubonyeza vitufe ukiwa ndani ya maji. La pili ni maji ya moto yenye mvuke na sabuni. Kule kwetu asubuhi ya Juni hakuna anayeoga maji baridi kwa hiari, kwa hiyo vua saa kabla ya kuingia bafuni. Joto linatanua mpira mwembamba ulioko kwenye kava la nyuma, mafundi wanauita oringi, na mvuke hupenya mahali ambapo tone la maji lisingepenya.

Hatua ya 4: Pima uzito na unene, si upana peke yake

Saa nyepesi ni ile isiyokugonga mfupa wa kifundo ukikimbia. Kipimo cha kukusaidia: Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi ambayo kila mtu ameshaiona, ina gramu 21 na unene wa milimita 8.5. G-Shock, saa ngumu ya Casio hiyohiyo, ile ya umbo la mraba, DW-5600, ina takriban gramu 50 na unene unaozidi milimita 13. Zote ni nyepesi ukilinganisha na saa ya chuma, lakini tofauti ya unene utaiona Njombe mwezi wa Julai, unapovaa sweta na koti juu yake. Saa nene inanasa kwenye mkono wa koti kila unapotaka kutazama saa ngapi, na vitufe vinajibonyeza.

Kama kifundo chako kiko chini ya sentimita 16, anza na saa nyembamba. Vaa, kunja kiganja kuelekea nyuma kama unayepiga push-up. Kitufe cha pembeni kikichimba mkono, hiyo si yako, hata kama muuzaji anasema utaizoea.

Onyo dogo: zile zenye kioo cha giza na namba nyeupe zinavutia kwenye picha. Juani, na hasa jioni kabla taa hazijawashwa, namba zake ni ngumu kusomeka kuliko namba nyeusi kwenye kioo cheupe. Kwa bodaboda anayetazama kwa jicho la haraka, kioo cheupe.

Hatua ya 5: Uliza betri na mkanda kabla hujauliza bei

Hatua hii ndiyo yenye pesa, kwa hiyo tukae nayo.

Betri kwanza. Saa nyingi za namba hutumia betri bapa ya jamii ya CR. Namba zake zinasomeka hivi: CR2016 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 1.6, CR2025 kipenyo kilekile, unene 2.5, CR2032, unene 3.2. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu ya rimoti za magari. Utakutana na mtu atakayejaribu kuishindilia kwenye saa ya CR2016 akisema "zote ni volti tatu, bosi." Ni kweli zote ni volti tatu. Lakini unene hautoshi: atapinda vishikio vya betri, kava la nyuma halitakaa sawa, na siku ya mvua maji yatapita. Mkatalie.

F-91W hutumia CR2016, na kampuni inakadiria itadumu takriban miaka 7. Casio W-800H na AE-1200WH zinakadiriwa miaka 10 kwa betri moja. Saa nyingi ndogo za mishale hutumia betri ndogo kama kitufe cha shati, SR626SW, ambayo kwa kawaida huenda miaka miwili au mitatu. Makadirio haya ni ya betri nzuri. Ukiwasha taa mara kwa mara na kuacha alamu ilie kila siku, yanapungua.

Sasa mkanda. Geuza saa uone mahali mkanda unapoungana na mwili wake. Kuna aina mbili. Ya kwanza, pini nyembamba inapita kwenye mkanda wa kawaida. F-91W, W-800H na AE-1200WH ziko hivi, na mkanda wa nailoni wa milimita 18 unapita chini yake vizuri. Ya pili, mkanda umechongwa kwa umbo la saa hiyo peke yake, kama G-Shock nyingi. Huo ukikatika hupati mbadala kwa machinga. Utaagiza Dar au mtandaoni, na wakati mwingine bei yake inakaribia bei ya saa ndogo nzima.

Mkanda wa plastiki huanza kufa kwenye matundu mawili: lile unalofungia kila siku, na lile la jirani yake. Ukiona mstari mweupe kama unywele umetoka kwenye tundu kuelekea ukingoni, umebakiza wiki chache. Badilisha sasa, usingoje udondokee Nzovwe ukiwa juu ya pikipiki.

Nailoni ni nyepesi, na pini moja ikichomoka saa haidondoki kwa sababu mkanda unapita chini yake mzima. Ubaya wake ni kwamba ikilowa inachelewa kukauka, na kwa baridi ya Kitulo mkanda mbichi mkononi ni adhabu. Silikoni na plastiki unafuta tu. Ngozi isahau, jasho na mvua vitaiozesha.

Hesabu ya bei ifanye hivi. Tuseme saa A ni shilingi 15,000 na itadumu mwaka mmoja kwa sababu mkanda wake haupatikani. Saa B ni 60,000, itaenda miaka 7, na ndani ya muda huo utanunua mikanda mitatu ya 5,000. Saa B ni 75,000 kwa miaka 7, chini kidogo ya 11,000 kwa mwaka. Saa A ni 15,000 kila mwaka. Weka bei za sokoni kwako siku hiyo, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Hatua ya 6: Chagua ndani ya kundi lako

Siuzi saa wala silipwi na yeyote. Nataja Casio kwa sababu ndiyo rahisi kuipata na ndiyo mafundi wengi wameizoea. Kampuni nyingine ikikupa maji, betri na mkanda kama nilivyoeleza, chukua.

*Unataka nyepesi kuliko zote, na huogelei:* F-91W. Iko sokoni tangu 1989. Ina alamu, stopuwachi na tarehe. Kasoro zake uzijue: taa yake ni hafifu, na stopuwachi inaishia dakika 59 na sekunde 59 kisha inaanza upya. Anayekimbia kilomita 5 au 10 kuzunguka mjini itamtosha. Wa nusu marathoni atakuwa anakumbuka saa nzima kichwani.

*Unafanya kazi kwenye maji au mvua za Rungwe:* W-800H. Mita 100, betri ya miaka 10, namba kubwa. Kwa mtu wa kawaida wa Mbeya, hii ndiyo ningeitaja kwanza ukiniamsha usiku wa manane.

*Unakimbia mbali au unavuka mpaka:* AE-1200WH. Mita 100, stopuwachi inayokwenda hadi saa 24, saa ya kuhesabu kurudi nyuma, na saa za miji ya dunia. Ina takriban gramu 40 kwa mkanda wa plastiki.

*Unapiga nyundo, unabeba mawe, unaanguka anguka:* G-Shock halisi. Mhandisi Kikuo Ibe alipoibuni, alilenga saa inayodondoka mita 10, inayohimili bar 10 na betri ya miaka 10. Ya kwanza ikatoka 1983. Ni imara kweli. Ila kwa pesa ndogo, G-Shock utakayopewa kuna uwezekano mkubwa si G-Shock. Bora Casio ndogo halisi kuliko G-Shock ya kuigiza.

*Hutaki kujifunza kitu:* MQ-24 ya mishale, gramu 20. Usiogelee nayo.

Neno kwa watu wa mipakani, Tunduma na Kasumulu. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yako ikishika mnara wa upande wa pili, inaweza kujirudisha saa moja yenyewe, na hapo ndipo mtu anachelewa basi la alfajiri akiwa amelala Tunduma kwa amani. Saa ya mkononi haishiki minara. W-800H ina nafasi ya saa ya pili: weka ya kwetu kwenye ile ya kawaida, ya Nakonde, upande wa Zambia, kwenye ile ya pili. Kwenye AE-1200WH utachagua miji, na usihangaike kutafuta Dar es Salaam. Chagua Jeddah, saa zake ni sawa na zetu.

Hatua ya 7: Kagua dukani bila haraka

Muuzaji atasema "og kabisa hiyo, braza, tunatoa Dubai." Tabasamu, endelea kukagua.

1. Tazama namba zote. Bonyeza vitufe mpaka uone namba 8 au utembeze tarehe. Kipande chochote cha namba kisichowaka, rudisha.
2. Washa taa. Namba zikififia au kupotea taa inapowaka, betri imechoka. Omba nyingine au upunguziwe.
3. Washa stopuwachi pamoja na ya simu kwa dakika mbili. Zikipishana hata sekunde moja ukiacha uzembe wa kidole chako, kuna tatizo.
4. Geuza nyuma. Kava la chuma liwe na namba ya aina ya saa iliyochongwa vizuri, na skrubu zenye vichwa visivyoliwa. Skrubu zilizoliwa maana yake imeshafunguliwa.
5. Saa zenye vimshale vidogo vya ziada usoni: hakikisha vinatembea. Kwenye nyingi za bandia vimechorwa tu.
6. Kwa F-91W, bonyeza kitufe cha kulia na ukishikilie kwa sekunde tatu hivi. Halisi huandika jina la Casio kwenye kioo. Isipoandika, ni bandia. Ikiandika, bado usishangilie, maana bandia za siku hizi nazo zimejifunza. Endelea kutazama uchapaji wa maandishi na kava la nyuma.

Usikubali jaribio la kutumbukiza saa kwenye glasi ya maji mbele yako. Halithibitishi chochote; hata saa mbovu hustahimili glasi kwa dakika moja.

Bandia si lazima iwe haramu kwako kama bei yake ni ya bandia na unajua unachonunua. Kinachouma ni kulipa bei ya halisi.

Hatua ya 8: Seti vizuri mara moja

Saa yoyote yenye tarehe iseti kwa mfumo wa saa 24, kwa saa za simu. Ukifika saa moja asubuhi, isomeke 7:00. Saa moja jioni, 19:00. Wapo wanaoiandikia 1:00 asubuhi ili isomeke kama tunavyotamka. Matokeo yake saa inadhani usiku wa manane umefika wakati kumekucha saa kumi na mbili, tarehe inabadilika alfajiri badala ya saa sita usiku, na alamu inakuwa fumbo. Jicho litazoea kusoma 7 kama saa moja. Ulishazoea kwenye simu.

Kwa F-91W: bonyeza kitufe cha chini kushoto mara tatu, sekunde zitaanza kupepesa. Subiri simu ifike sekunde 00, bonyeza cha kulia. Cha juu kushoto kinakupeleka kwenye saa, dakika, mwezi, tarehe na siku. Cha kulia kinabadilisha. Ukimaliza, cha chini kushoto. Kubadili kati ya saa 12 na 24, bonyeza cha kulia ukiwa kwenye muda wa kawaida.

Na zima ile kengele ya kila saa. Ndani ya kanisa au msikiti, saa sita kamili, wenye saa hizo wote hulia kwa kupishana sekunde, na kila mtu anageuka. Bonyeza cha chini kushoto mara moja uende kwenye alamu, kisha cha kulia mpaka alama ya kengele hiyo ipotee.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Ivae mkono usioutumia sana. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda. Ukiibana, jasho litaleta upele. Kila baada ya siku chache isugue kwa mswaki wa zamani na sabuni kidogo, hasa kwenye kipete na chini ya kava, isuuze kwa maji baridi, ifute. Ukipulizia dawa viazi au nyanya, iache nyumbani. Dawa za mazao, petroli, tina ya rangi (thinner) na hata zile za kujipaka dhidi ya mbu hulainisha au kupasua plastiki.

Jaribio la maji unaloweza kufanya mwenyewe: iache saa ipate joto la mwili au jua la asubuhi, kisha weka tone la maji baridi ya bomba katikati ya kioo. Subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki kwa ndani, kuna unyevu tayari. Rudisha dukani siku hiyohiyo.

Ikileta shida

*Ukungu unatokea ukishuka kutoka Mbeya kwenda Kyela.* Hewa imebadilika kutoka baridi kwenda joto lenye unyevu. Ukitoweka ndani ya dakika chache na usirudi, iangalie tu. Ukirudi kila mara, oringi imekwisha. Mpelekee fundi aifungue, aikaushe, abadilishe oringi au aipake grisi ya silikoni. Usiiweke karibu na jiko la mkaa. Plastiki itapinda kabla maji hayajatoka.

*Imebadilishwa betri, haiwaki au inaonyesha namba za ajabu.* Saa nyingi za namba za Casio zina sehemu iliyoandikwa AC ndani. Fundi agusishe hapo na upande wa juu wa betri kwa kibanio cha chuma kwa sekunde mbili. Mafundi wengine hawajui, mwonyeshe kwa upole.

*Imebadilishwa betri, inafanya kazi ila alamu haisikiki.* Ndani kuna springi ndogo mno, nyembamba kama uzi, inayounganisha mashine na kava la nyuma. Sauti inatokea hapo. Kava linapofunguliwa inaruka. Rudi kwa fundi leo, mtafute pamoja mezani na sakafuni chini ya kiti chake, kabla hajafagia.

*Namba zinabadilika polepole asubuhi ya baridi kali.* Kioo cha namba huzubaa kwenye baridi. Iweke chini ya mkono wa koti ipate joto la mwili. Ikiendelea hata mchana, betri inaisha.

*Inawahi au inachelewa.* Hadi sekunde 30 kwa mwezi ni kawaida kwa F-91W. Rekebisha sekunde kila mwanzo wa mwezi. Ikipoteza dakika nzima ndani ya wiki, kwanza badilisha betri.

*Tarehe imeruka.* F-91W haijui mwaka, na Februari yake ina siku 28 siku zote. Tarehe 29 Februari 2028 itakuandikia Machi 1. Irudishe kwa mkono siku hiyo, kesho yake itaendelea yenyewe.

*Mkanda unachomoka.* Pini imelegea au imepinda. Nunua pini mbili, si moja, maana ya pili ilifungwa siku ileile na itafuata.